Kagari kadogo ka fowili kwenye theluji: upepo wa tairi kwanza, ubabe baadaye

Hii naiandikia wale wenzetu mlioko Colorado na majimbo ya jirani yenye milima, ambao mmejinunulia zile Suzuki Samurai za zamani au Geo Tracker kwa sababu ni magari mnayoyajua tangu nyumbani (Tracker ni Escudo ileile, wamebadilisha jina tu, na Samurai Mkenya yeyote akiiona anasema hii si Maruti jamani), alafu ikifika Januari mnatamani kupanda nayo kwenye zile njia za msituni. Inawezekana kabisa na raha yake ni kubwa. Wenye Jimny kule Ulaya na nyie somo ni hilihili.

Ila kuna kitu kimoja lazima ukiache nyumbani kwanza, nacho ni mazoea ya matope. Sisi tumejifunza kuendesha kwenye udongo mweusi, ule wa mbuga, na pale kanuni inajulikana: tairi nyembamba, upepo umejaa, kanyaga mafuta tairi lijitapike tope lishuke mpaka likutane na udongo mgumu. Inafanya kazi kwa sababu huo udongo mgumu upo. Sasa njoo kwenye theluji ya kifuani, unakanyaga mafuta tairi linachimba linachimba, na kabla halijafika ardhini gari limeshalala tumbo, difu mbili na chesisi zimekaa juu ya theluji, matairi manne yananing'inia hewani yanazunguka bure. Mchezo umeisha hapo, kinachofuata ni beleshi.

Kwahiyo kabla hujaingia jiulize swali moja, hapa nakata au naelea? Theluji ikiwa fupi, tuseme haifiki sentimita 20 na ardhi chini imeganda, unakata. Tairi zako nyembamba hapo zina faida kuliko yale matairi mapana ya mapikapu, zinapita mpaka chini zinashika, wala usihangaike sana. Ikizidi hapo, yaani imeshafika kwenye difu au imepita, huwezi tena kukata, inabidi uelee, na kila kitu kinageuka: mwendo, gia, upepo, mpaka jinsi ya kusimama.

Kwenye kuelea hako kagari kako ndo kana bahati. Samurai ina kilo kama 950, pikapu kubwa la Kimarekani linavuka tani mbili bila mzigo. Nguvu huna, injini ni 1.3 na farasi 63 hivi wakati ikiwa mpya, lakini theluji haiulizi farasi, inauliza uzito umekaa juu ya eneo kiasi gani.

Upepo

Hapa ndo penye kazi yote. Watu wananunua winchi, taa, bampa za chuma (na kuongeza kilo mia kwenye gari ambalo faida yake ni wepesi, mi sijawahi kuelewa), wakati dawa ya kwanza ni bure, ni kutoa upepo. Barabarani unatembea na psi 25 hivi. Ukiacha lami ukaingia kwenye theluji ya kuelea shuka mpaka 15, tembea kidogo uone. Ikianza kuchimba shuka 12, alafu 10. Gari zito likiwa na 15 limeshalainika vizuri, ila la kwako kwa wepesi wake bado tairi linaweza kuwa gumu, ndo maana usiogope kwenda chini kuliko jamaa wa Jeep uliyeongozana naye. Chini ya 10 inabidi uwe mpole sana na usukani, ukikata kona ghafla tairi linaweza kutoka kwenye rimu, na kurudisha tairi kwenye rimu ukiwa umepiga magoti kwenye baridi ya nyuzi kumi chini ya sifuri ni adhabu. Watu wa Iceland wanashusha mpaka psi 3, lakini wale wana matairi ya inchi 38 mpaka 44 na rimu za kubana tairi lisichomoke, usiige.

Usiangalie geji peke yake, chuchumaa uangalie tairi lenyewe. Tairi likipungua upepo linatanuka kidogo ubavuni, hicho ndo watu wanakiona, lakini kinachokusaidia kipo chini: sehemu inayogusa theluji inakuwa ndefu, mbele na nyuma. Songa mita tano alafu shuka ukatazame alama ulizoacha. Kama meno ya tairi yamejichora vizuri, kingo zinaonekana na theluji imeshindiliwa imekuwa ngumu ukiibonyeza na kidole cha glavu, uko sawa. Kama alama imevunjikavunjika huoni meno, au inang'aa imekuwa barafu, ujue tairi lilikuwa linateleza hata kama we kwenye kiti ulihisi gari linaenda, na hapo toa upepo tena kabla ya kwenda mbele.

Geji za sheli zinazofika 100 na kitu hazifai, ukienda kwenye 10 zinabahatisha, tafuta ndogo inayoishia 30. Na kumbuka baridi yenyewe inakula upepo, karibu psi 1 kwa kila nyuzi tano au sita za Selsiasi zinazoshuka, kwahiyo ukijaza kwenye gereji yenye joto alafu ukaamkia mlimani ambako kumeganda, geji itakuonyesha kitu tofauti na ulichoacha. Pima hukohuko juu.

Na uwe na kompresa ndogo ya betri, usije ukaingia hiwei na psi 12.

Kuendesha

Funga habu za mbele (vile vifungo vya katikati ya magurudumu vinavyoyaunganisha na ekseli) kabla hujaacha lami. Samurai nyingi zina zile za kuzungusha kwa mkono na ukisubiri mpaka umekwama ndo ukazifunge utazikuta zimeshajaa barafu. Ila usiwashe fowili ukiwa bado kwenye lami kavu, hizi gari hazina difu ya katikati ya kuruhusu tairi za mbele na za nyuma zizunguke kwa spidi tofauti, ukikata kona zinajikaza na kitu kitavunjika.

Kwenye theluji nyingi weka 4L (fowili ya gia nzito), gia ya pili au ya tatu. Gia ya kwanza ina nguvu sana inachimba, alafu ukumbuke uko juu. Kenosha Pass pale kwenye barabara ya 285 ni mita 3,048, ingekuwa Kilimanjaro ungeshapita Mandara unaelekea Horombo, na injini isiyo na taabo inapoteza kama asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda, kwahiyo zile farasi 63 ukifika pale zimebaki arobaini na kitu, na kama ni Samurai ya kaboreta inaanza kutoa moshi mweusi na kukohoa kwa sababu mafuta yamezidi hewa. Ukiwa 4H (fowili ya gia za kawaida) gari litazimika mikononi. 4L inakupa injini kuzunguka vizuri huku tairi zinaenda taratibu.

Kuondoka achia klachi polepole, mafuta kidogo. Unachotaka ni tairi lizunguke kwa spidi ileile gari linayotembea, basi. Ukishatembea usibadilishe kitu, mguu utulie. Kupanda kilima unajipanga chini, unachukua mwendo mapema, ukifika kati unazidi kulegeza mguu wakati mwili wote unakwambia kanyaga.

Sasa sikiliza hapa kwa makini maana ndo tofauti ya kurudi nyumbani mapema na kuchimba mpaka usiku. Gari likitaka kukwama linatoa taarifa: mlio wa injini unapanda lakini miti ya pembeni haiendi, alafu unahisi makalio yanashuka kidogo, kiti kinazama kwa upande mmoja. Hiyo ni sekunde moja au mbili. Kanyaga klachi hapohapo. Usiseme ngoja nimalizie kidogo. Ukiacha pale bado uko juu ya theluji uliyoshindilia, unaweka rivasi, unarudi kwenye alama zako zilezile mita kumi, alafu unakuja tena mbele na mwendo kiasi, unagonga lile rundo, unapata nusu urefu wa gari, linasita, unarudi, unakuja. Wenye magari makubwa watakupita kwa kelele, lakini kagari kepesi kanaweza kufanya hivi mchana kutwa bila kujizika. Ukiona limesita jaribu pia kuuchezesha usukani kushoto kulia haraka, tairi za mbele zinatafuta theluji mpya pembeni na mara nyingi inatosha kulivuta. Lakini ukiona theluji imejikusanya mbele ya bampa inafika kwenye grili, acha, unasukuma ukuta, hata kama matairi bado yana nguvu.

Kusimama nako kuna namna. Usifunge breki, achia mafuta liache lenyewe. Chagua pa kusimama, mteremko mdogo unaoelekea unakokwenda au mahali palipokwisha kushindiliwa. Na kabla hujazima gari kwa mapumziko rudi nyuma mita moja na uje mbele tena, unajitengenezea kijinjia kigumu cha kuanzia, maana tairi lililotoka kutembea lina joto, linayeyusha theluji chini yake alafu inaganda, ukirudi kutoka kula sandwichi tairi limekaa kwenye bakuli la barafu.

Njia za mapikapu

Hili halisemwi sana na sisi wenye vigari vidogo linatuhusu. Ukiingia kwenye njia ambayo wamepita wenye mapikapu na Jeep kubwa utafurahi, unaona mifereji miwili imeshindiliwa vizuri. Shida ni kwamba magurudumu yako yamekaribiana kuliko yao. Tairi za kushoto zikiingia kwenye mfereji, za kulia zinapanda kwenye lile tuta la katikati, gari linalala upande mmoja, linatembea limeinama hivyo kilomita nzima, na ukijaribu kutoka linarushwa. Mara nyingi ni bora ukae pembeni ya mifereji yao kwenye theluji mpya na upepo umeshusha, au kama ni lazima kufuata, chagua upande mmoja: mfereji ulioko upande wa mlima, ili gari likilala lilale kuelekea mlimani na sio bondeni.

Na ubavu wa mlima ndo hatari kuliko kupanda na kushuka. Njia ikiinama kuelekea bonde gari linateleza kiubavu taratibu bila kelele, matairi yote manne kwa pamoja, na fowili haikusaidii chochote hapo. Likianza, elekeza pua chini kuelekea linakoteleza na ugonge mafuta kidogo, kama chini kuna nafasi. Kama chini kuna korongo, ulitakiwa usiwe pale; shuka kwa miguu kwanza, tembea kipande chote, ukiteleza wewe na viatu vyako gari nalo litateleza.

Kushuka: 4L, gia ya kwanza au ya pili, mguu wa breki weka mbali, injini ndo inashika. Nyuma ikitaka kukupita ongeza mafuta kidogo tu ili tairi zirudi kuzunguka. Najua inaonekana wazimu kuongeza mafuta kwenye mteremko, ila tairi lililofungwa halina usukani. Samurai ni fupi, toka tairi la mbele mpaka la nyuma mita mbili tu na kitu, ikianza kuzunguka inamaliza mzunguko kabla hujasema mama. Faida ya huo ufupi ni pale unapotaka kugeuza, mahali ambapo pikapu linarudi kinyumenyume nusu saa wewe unapiga kona tatu umemaliza.

Theluji ya saa mbili na theluji ya saa tisa

Asubuhi na mapema juu kumeganda ganda gumu, gari jepesi linapita juu yake bila hata kuacha alama ya maana, unajisikia bingwa. Jua likipanda, hasa kuanzia Machi, lile ganda linalainika na ikifika saa nane saa tisa mchana unarudi njia ileile na unatumbukia kila mita tano. Kwahiyo hesabu safari kwa kurudi. Ukiona buti linaanza kuzama mpaka kwenye kifundo cha mguu, geuza, hata kama ziwa mlilolifuata liko pale mbele.

Kuna pia ile theluji ya chini, ya zamani, ambayo kwa milima ya Colorado ni kawaida sana: baridi kavu inaigeuza inakuwa chembechembe kama sukari, ukiikamata mkononi haishikani ukapata donge. Hiyo haishindiliki hata urudi mara mia, tairi likivunja ganda la juu likafika pale, kurudirudi hakusaidii.

Na hiyohiyo ndo inaleta maporomoko. Miteremko ya nyuzi 30 mpaka 45 ndo inayoporomoka zaidi, na sio lazima uwe juu yake, ukipita chini yake inatosha. Colorado Avalanche Information Center wanatoa hali ya kila eneo kila siku msimu mzima, bure, soma kabla hujawasha gari. Kama njia inapita chini ya mteremko mweupe usio na miti wakati pembeni yake msitu umejaa, jiulize miti ilienda wapi, na usisimame hapo kupiga picha.

Ukikwama

Zima mhemko, shuka, angalia tumbo. Kama gari limekaa kwa tumbo usiguse mafuta tena, chimba. Kwanza toa theluji chini ya difu zote mbili na chini ya chesisi mpaka uone mwanga upande wa pili, alafu mbele ya kila tairi utengeneze mteremko mrefu, sio shimo. Punguza upepo tena psi mbili tatu. Hizo mbao za plastiki za kuwekea chini ya tairi zinasaidia, zifunge kamba ya rangi kali maana zikizama kwenye theluji huzioni tena. Jeki ndefu haina maana bila ubao mpana wa kuikalisha.

Kuvutwa na mwenzako: tumia ile kamba inayotanuka, lakini angalia ukubwa wake. Kamba ya pikapu la tani tatu kwa gari la tani moja haitanuki kabisa, inakuwa sawa na mnyororo, inachomoa kitu. Funga kwenye ndoano ya chuma iliyoshikiliwa na chesisi, na kamwe usifunge kwenye ile boli ya kuvutia trela, ikikatika inaruka inapita kwenye kioo na watu wamekufa kwa hilo. Wasiohusika wakae mbali, mara mbili ya urefu wa kamba.

Usiende gari moja. Hilo sitalijadili. Mwachie mtu nyumbani jina la njia na saa ambayo akikosa kukusikia apige 911. Simu kaa nayo ndani ya koti karibu na mwili, kwenye dashibodi betri inakufa, na kule ndani netiweki usiitegemee. Tenki lizidi nusu, blanketi, maji, chakula, buti kavu za pili. Jinzi na fulana za pamba acha, zikilowa zinakugandisha.

Ukilazimika kukaa ndani ya gari na injini inawaka kwa ajili ya hita, shuka kwanza uchimbe ekzosi. Moshi ukizibwa na theluji unarudi ndani, na ile gesi ya sumu iliyomo haina harufu ya kukushtua, unalala.

Gari lenyewe kabla ya yote

Wengine bado tuna ile tabia ya maji kwenye rejeta. Huku maji yakiganda yanapasua bloku. Weka kulanti nusu kwa nusu na maji safi, inavumilia mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri. Betri ikiwa ya miaka mingi badilisha tu, baridi kali inaipunguzia nguvu karibu nusu wakati huohuo injini imekuwa nzito kuwasha. Handibreki ukiegesha usivute, waya unaganda, acha kwenye gia uweke jiwe. Tairi tafuta zenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ubavuni. Cheni beba, nne ukiweza.

Na njia usibahatishe. Ofisi za Forest Service (idara ya misitu ya serikali) wana ramani za bure zinazoonyesha njia gani ruhusa kwa gari na tarehe gani, geti likifungwa limefungwa, na zile njia zilizolainishwa kwa ajili ya pikipiki za theluji usiingie kabisa, unaziharibu. Hata hiwei ya I-70 yenyewe, kati ya Dotsero na Morrison, kuanzia Septemba 1 mpaka Mei 31 tairi za fowili zinatakiwa ziwe na meno ya angalau inchi 3/16, kwahiyo usiseme fowili inanitosha na tairi zimekwisha.

Ukishuka salama kwenye lami, rudisha 2H (magurudumu mawili tu), fungua habu, jaza upepo. Alafu ingiza mkono ndani ya rimu ukomboe theluji yote iliyoganda humo, kwa bisibisi kama imekuwa ngumu. Wengi wanasahau, wakifika kilomita 80 kwa saa usukani unatetemeka kama mgonjwa wa malaria, Jumatatu wanampelekea fundi kwamba balansi imeharibika, wakati huo barafu imeshayeyukia kwenye pakingi.